Sahani ya Asiyealikwa

Mwaka ule samaki aliishi bafuni kwetu siku tatu,
karpi wa bwawa, mnene kama paja la mtoto.
Nilimwita Profesa kwa sababu ya sharubu zake.
Alizunguka beseni la kuogea
kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta.
Sisi tulioga kwa ndoo, jikoni, bila malalamiko.
Ndivyo Krismasi inavyoingia Wrocław:
kwanza samaki, halafu theluji, ikipenda.

Mama mdogo Dalisay alifungua mlango wa bafu,
akaufunga.
Akaufungua tena.
"Kuna mtu ndani," aliniambia,
wala hakuwa akitania.

Alikuwa na miezi mitano tu katika ghorofa yetu,
na baba mdogo Zbyszek alikuwa hajamweleza kitu.
Kwao, alisema, Krismasi huanza Septemba,
mvua ingali inapiga mabati.
Alfajiri tisa mfululizo watu huamka saa kumi kwenda misa,
na nje ya kanisa wanawake huoka mikate ya mchele,
makaa juu, makaa chini, jani la mgomba katikati.
Kisha usiku wa manane, nguruwe mzima,
ngozi yake ikivunjika kama kioo.

"Nguruwe," alisema bibi Bogumiła.
Hakuwa mtu wa kupandisha sauti.
Alipandisha nyusi.

Kwetu usiku huo nyama haiingii mezani.
Kuna vyakula kumi na viwili, kwa hesabu ya mitume,
supu ya bitiruti, visambusa vya uyoga vya kuchemsha,
na kabla ya hivyo vyote kuna njaa,
tangu asubuhi hadi nyota ya kwanza itokee.
Mtoto mdogo kuliko wote ndiye mlinzi wa nyota.
Nilikuwa mimi. Pua kwenye kioo cha dirisha,
na wingu limelala juu ya mapaa, zito,
halina hata tundu la sindano.

Dalisay akatandika meza.
Akakuta nyasi kavu chini ya kitambaa.
"Ni za hori," nikamwambia, "usizitoe."
Akatuhesabu: sita. Akahesabu sahani: saba.
Akaishika moja airudishe kabatini.

"Iache," bibi akasema.
"Ya nani?"
"Ya asiyealikwa. Akibisha hodi, ale."
"Amewahi kubisha?"

Bibi alifikiri. Alifikiri kwa kweli,
kisu mkononi, miaka sabini na mmoja ikimpita usoni.
"Mara moja. Mtu wa kusoma mita ya gesi.
Hakukaa."

Saa kumi na moja simu ya Dalisay ikalia.
Kwao ilikuwa saa sita usiku.
Mama yake, nyuma yake watu thelathini na mbwa,
wote wakisema kwa pamoja, hata mbwa.
Mikono ya Dalisay ilikuwa na unga hadi viwiko.
Akatafuta pa kuiweka simu,
akaisimamisha pale palipokuwa na nafasi,
juu ya sahani tupu, imeegemea glasi.

Hakuna aliyekohoa.

Juu ya kichwa cha yule mama, dirishani kwao,
ilining'inia nyota ya karatasi, kubwa kama gurudumu,
nyekundu, kijani, nyekundu.
Nami nilikuwa na njaa.
"Nyota!" nikapiga kelele. "Nimeiona!"

Bibi alivaa miwani.
Akaikagua ile nyota kama anayekagua noti ya bandia.
Kisha akachukua kaki nyeupe ya kumegeana,
akammegea Dalisay, akanimegea mimi,
akaweka kipande mbele ya simu.
"Mama, hawezi kula," akasema Zbyszek.
"Najua hawezi kula. Kaa chini."

Profesa alikuwa chakula cha saba.
Mimi sikumgusa. Dalisay naye hakumgusa.
Tulitazamana juu ya mifupa yake kama washirika wa wizi.

Baadaye nilimwona bibi kwenye korido,
pochi ya Dalisay wazi mikononi mwake,
akitia ndani gamba moja la samaki, lililooshwa, likang'aa,
lile tunaloweka ili pesa isikauke mwaka mzima.
Alikuwa amebakiza mawili tu.
Jingine alijiwekea mwenyewe.